Cheni na Shafti

Sisi wa Ngara tukitaja Benaco twawakumbuka wakimbizi wa 1994. Jina lenyewe ni la kampuni ya Waitaliano, wajenzi wa barabara. Mimi hukumbuka pia pikipiki za kwao, na sababu ninayo. Zamani, nikitoka Biharamulo kumkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, cheni yangu iliyoliwa na vumbi ilikatika porini. Nilifika jioni, binti wa watu alikwisha futa ubao. Kesho yake alirudia somo kwa hofu, nami nikampa alama za hofu ile. Hadi leo zanisumbua.

Moto Guzzi Breva 750, iliyotoka 2003, haina cheni: shafti iliyofunikwa ndiyo huzungusha gurudumu la nyuma, vumbi lisiifikie. Ila ina kilo zaidi ya 180. Kuisukuma porini, sijui.