Mashine inayolia juu ya chuma: historia yake, na sababu ya kutochimba haraka



Katika sehemu za zahabu kunaonekana mashine yenye fimbo na sahani ya mviringo. Ikipita juu ya chuma, inalia. Familia zilizofukia sufuria, majembe au pesa siku ya kukimbia zinajiuliza: je, itatusaidia tukirudi? Tuangalie kwanza ilikotoka.

Ilianza kwa kutaka kuokoa mtu. Tarehe 2 Julai 1881, Raisi wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi mjini Washington. Waganga hawakujua risasi imebaki wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa telefone, alileta mashine ya umeme. Ilikuwa imefanya kazi vizuri kwa askari wa zamani waliobaki na risasi mwilini. Lakini Raisi alilala juu ya kitanda chenye springi za chuma, na zilivuruga sauti. Tena, muganga mkubwa aliruhusu upande wa kuume tu utafutwe, kumbe risasi ilikuwa kushoto. Garfield alikufa tarehe 19 Septemba.

Kisha ikaja vita ya pili ya dunia. Józef Kosacki, askari wa Poland aliyekimbilia Uingereza, alitengeneza mashine ya kutafuta mabomu ya kutegwa ardhini. Mwaka wa 1942, mashine 500 zilitumiwa El Alamein, kule Misri. Kosacki hakuomba malipo. Aliitoa bure kwa jeshi la Uingereza.

Vita ilipoisha, mashine za jeshi ziliuzwa kwa raia, na kutafuta hazina kukawa mchezo wa siku ya mapumziko. Leo wanaongeza na kimashine kidogo kama tochi, cha kuonyesha ndani ya shimo chuma kiko wapi hasa.

Mwaka wa 1992, huko Hoxne, Uingereza, Eric Lawes alikuwa anatafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea shambani. Akakuta zahabu na feza ya Waroma, sarafu karibu 15,000. Hakumaliza kuchimba. Alisimama, akaita wakubwa, na wataalamu wakaja kufukua kwa uangalifu.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye fundisho letu. Mashine hii inasema tu “kuna kitu cha chuma”. Haisemi kama ni pete, sufuria au bomu. Na mabomu mengine yametengenezwa kwa plastiki, chuma chake ni kidogo sana. Mashine ya kutafutia zahabu inaweza kupita juu yake na kunyamaza. Kwa hiyo kimya chake si ruhusa ya kukanyaga.

Mahali palipopiganwa vita, usitafute wala usichimbe, hata kama unakumbuka vizuri ulipofukia mali yako. Ukiona kitu usichokijua, usikiguse. Simama, rudi polepole kwa kukanyaga nyayo zako mwenyewe, zuia watoto, kisha mwambie chefu wa kijiji ili waitwe wenye kazi ya kuondoa mabomu.

Sufuria inanunuliwa tena. Mguu wa mtoto haununuliwi.