Programu Isiyochagua Kompyuta

Lugha kumi za programu zikikutana na aina kumi za kompyuta, vitafsiri vinavyotakiwa ni mia moja. Mzigo huo ndio uliowafanya wataalamu wa Marekani mwaka 1958 wapendekeze UNCOL, lugha ya katikati ambayo kila upande ungeitafsiri mara moja tu. Haikukamilika. Miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilisambaza Pascal kwa mtindo huohuo, na mwaka 1995 Java ikaja na ahadi ileile.

Safari hii njia ilifunguka kwenye kivinjari. Mwaka 2013 Mozilla ilitoa asm.js, kipande kidogo cha JavaScript kilichobanwa makusudi ili programu za C ziende kasi. Miaka miwili baadaye Google, Microsoft, Apple na Mozilla, mahasimu wa siku nyingi, walikubaliana kuijenga WebAssembly, lugha ya katikati ya aina hiyo, na kufikia mwisho wa 2017 vivinjari vyao vyote viliielewa.

Fungua moduli yoyote, yaani faili ya programu ya WebAssembly, uitazame baiti kwa baiti: kwanza sifuri, kisha herufi a, s, m, halafu baiti nne za toleo. Hizo nane peke yake ni moduli halali! Ila kinachonigusa zaidi ni adabu yake. Moduli haioni faili, haijui saa, haigusi mtandao mpaka mwenyeji, yaani programu inayoiendesha, airuhusu. Ni mgeni aliyepewa ufunguo wa chumba kimoja tu.

Mwaka 2019 yakaja mapatano ya WASI, yanayoeleza jinsi moduli iliyo nje ya kivinjari inavyoomba ruhusa hizo. Solomon Hykes, mwanzilishi wa Docker, zana ya kufungasha programu ndani ya kontena, aliandika kwamba kama WebAssembly na WASI vingekuwapo mwaka 2008, wasingehitaji kuiunda Docker. Alikuwa na hoja: kontena hujengwa kwa kufuata aina ya prosesa, ilhali faili moja ya WebAssembly huendeshwa kwenye seva ya Intel na ya ARM bila kubadilishwa.

Kwa msanidi anayetumia lugha ya Rust, kazi yenyewe ni amri mbili. Cargo, zana ya ujenzi ya Rust, hujenga moduli. Wasmtime, programu mwenyeji, huiendesha, na msanidi huitajia folda inayoruhusiwa kusomwa. Futa jina la folda hiyo kwenye amri, na programu ileile, iliyosoma faili vizuri dakika moja iliyopita, itagoma: kwake faili hiyo haipo.