Shanta Nyepesi Hupita Mikono Mingi

Ndugu zangu wa hapa Nyarugusu, na nyie wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee habari ya shanta. Mimi nashona na kuuza mabegi ya mtumba. Balo likifunguliwa, mara nyingi nakuta shanta moja au mbili za wazungu wanaotembea milimani kwa raha zao. Ndiyo, kwa raha! Wanabeba hema, blanketi na chakula, wanatembea wiki hata miezi, halafu wanarudi nyumbani. Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika na mizigo kichwani lazima tushangae kidogo. Ila historia ya vitu vyao ina jambo linalotuhusu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, shanta, mablanketi na mahema yaliyobaki jeshini yaliuzwa Marekani kwa bei ya chini. Mwaka 1948 Earl Shaffer, askari aliyerudi kutoka vita vya Pasifiki, alitembea njia ya Appalachian kutoka jimbo la Georgia hadi Maine, zaidi ya kilomita 3,000, na shanta ya jeshi mgongoni. Mwaka 1955 akafuata bibi wa miaka 67, Emma Gatewood, mama wa watoto 11. Huyu mama alipigwa na mumewe miaka mingi, na kuna siku alikimbilia msituni kujificha. Kwa safari yake alijishonea mfuko wa kitambaa cha jinzi, akavaa raba, akachukua blanketi la jeshi na pazia la bafuni la kujikinga na mvua. Hema hakuwa nalo. Akafika, peke yake.

Mwaka 1992 Ray Jardine, mhandisi, alitoa kitabu akiwahimiza watembeaji wapunguze mzigo. Yeye na mkewe Jenny walijishonea shanta zao wenyewe. Wazo likashika, karakana ndogo zikaanza kuuza shanta na mahema ya nailoni nyembamba. Kumbe kitu kikiwa chepesi, bei ndiyo inakuwa nzito.

Wasio na pesa wakafanyaje? Wakanunua vilivyotumika. Tuseme mtu ananunua hema kwa dola 150. Analitumia msimu mmoja, analitunza vizuri, analiuza dola 130. Hapo gharama yake si 150, ni 20. Hasara kubwa ilishabebwa na yule aliyelitoa dukani likiwa jipya. Kwa pesa ileile anatafuta jepesi zaidi, na hivyo anapunguza kilo kidogokidogo bila kuwa tajiri.

Ila lazima ujue kukagua. Vuta zipu yote. Tazama mishono pale mikanda inaposhika mabega. Ingiza mkono ndani: pakinata na kunuka, ule utando wa kuzuia maji umeshaoza. Achana nayo, hata mimi fundi siwezi kuirudisha.

Sasa tuangalie hapa kwetu. Kambi ipo tangu 1996, lakini watu hawatulii. Kuna wanaorudi Burundi, kuna wanaopata makazi ng'ambo, kuna wanaofika leo mikono mitupu. Anayeondoka anauza meza na sufuria kubwa, ananunua begi. Aliyefika jana ananunua sufuria hiyohiyo. Hesabu ni ileile ya lile hema.

Ndiyo maana nawaomba ndugu zetu wa mashirika kitu kimoja. Mkiona blanketi la msaada sokoni, mnakasirika: "Tumewapa, mnauza!" Mama mwenye mablanketi manne, watoto watatu na nafasi kwenye basi la kesho hawezi kubeba yote mgongoni. Anageuza kilo kuwa nauli na unga. Na anayelinunua huenda ni mgeni ambaye jina lake halijaingia bado kwenye orodha ya mgao, na usiku hapa Kigoma kuna baridi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani ameliuza, muulizeni anakwenda wapi.