Zama Zilizofumwa kwa Pamba

Vitabu vya shule vina tarehe zake za kufungulia zama za kisasa: 1453, Waturuki wa Othmani walipoiteka Konstantinopoli, 1492, Columbus alipofika visiwa vya Karibi, 1789, Wafaransa walipomgeukia mfalme wao. Kila tarehe ina hoja yake, lakini zote zina kasoro moja. Zinamfanya msomaji adhani kuwa historia ya miaka mia tano iliyopita ni msururu wa matukio ya Ulaya, na watu wengine wote walikaa wakingoja kufikiwa. Mimi naona ni heri kufuata bidhaa moja kutoka shambani hadi mwilini, na kuuliza ilipita mikononi mwa nani na kwa nguvu gani. Bidhaa iliyogusa watu wengi zaidi, na kuumiza wengi zaidi, ni pamba.

Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 na kupata rubani wa kumvusha hadi Calicut, hakuvumbua biashara yoyote. Nguo za pamba kutoka Gujarat zilikwisha kuvaliwa Kilwa na Mombasa kabla babu zake hawajazaliwa. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, alisimulia nguo zilizofumwa pale pale na kusafirishwa hadi Misri. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua Kilwa vigae vya mviringo vyenye tundu katikati, vilivyotumika kusokotea nyuzi. India ndiyo iliyokuwa fundi mkuu wa soko hilo, na pwani yetu ilikuwa ndani yake, ikinunua na ikifuma.

Wareno waliingia humo kwa mizinga. Baadaye zikaja kampuni: ya Waingereza mwaka 1600, ya Waholanzi mwaka 1602. Tatizo lao lilikuwa kwamba Ulaya haikuwa na bidhaa ambayo Mhindi aliitamani. Walilipa kwa madini ya fedha, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ilitoka Potosí, katika milima ya Andes, ambako wenyeji walishushwa migodini kwa lazima. Kisha nguo za India zikapelekwa Afrika Magharibi kununulia watu. Wanahistoria wanakadiria kuwa Waafrika milioni 12.5 walipakiwa katika meli za kuvuka Atlantiki, na karibu milioni mbili kati yao hawakufika. Hapo ndipo ninapoweka mwanzo wa zama za kisasa: pale mchimba fedha wa Potosí, mfumaji wa Bengal na mateka wa bandari ya Ouidah walipofungwa katika hesabu moja, bila hata mmoja wao kuwajua wenzake.

Uingereza yenyewe ilikuwa mwanafunzi aliyechelewa. Nguo za India zilipendwa mno London hata wafumaji wa hariri na sufu wakafanya ghasia, na Bunge likapitisha sheria za kuzizuia, ya kwanza mwaka 1700 na nyingine kali zaidi mwaka 1721. Viwanda vya pamba vya Lancashire vilikulia nyuma ya ukuta huo. Nalisisitiza hili kwa sababu nchi iliyokuja kuhubiri soko huria kwa wengine ilijenga kiwanda chake cha kwanza kwa kufunga mlango. Mashine za kusokota zikaja zikifuatana: ya Hargreaves, ya Arkwright aliyefungua kiwanda Cromford mwaka 1771, ya Crompton mwaka 1779. Injini ya mvuke ya Watt ikaviondoa viwanda kandokando ya mito na kuvipeleka mjini. Manchester ikafunikwa na moshi, watoto wakasimama mashineni tangu alfajiri. Friedrich Engels, ambaye baba yake alikuwa na hisa katika kiwanda cha nyuzi mjini humo, aliandika mwaka 1845 kitabu juu ya maisha ya wafanyakazi hao.

Pamba haioti Lancashire. Ilitafutwa ng'ambo, na hapa historia ya Haiti inaingia kwa namna ambayo wengi hawaitambui. Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililokuja kuwa Haiti, waliasi Agosti 1791, wakayashinda majeshi ya Napoleon, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza taifa huru. Napoleon, alipoona koloni hilo linamponyoka, aliiuzia Marekani jimbo la Louisiana mwaka 1803, eneo lililokaribia kuizidisha nchi hiyo mara mbili. Ukombozi wa watu wa kisiwa kimoja ukafungulia wengine utumwa mpya. Mashine ya kuchambua pamba, iliyotengenezwa na Eli Whitney mwaka 1793, ilikwisha kurahisisha kazi ya kutenga mbegu. Wenyeji wa asili, Wacherokee, Wachoctaw na wenzao, wakafukuzwa katika ardhi yao chini ya sheria ya mwaka 1830. Na watumwa wa Marekani, waliokuwa karibu laki saba mwaka 1790, wakafikia takriban milioni nne mwaka 1860. Wakati huo zaidi ya robo tatu ya pamba ya viwanda vya Uingereza ilichumwa na mikono yao.

Mikono hiyo ilifika hadi kwetu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa kigumu cha pamba, nasi tukakiita merikani. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na konseli wao akafika Unguja mwaka 1837. Pamba ilichumwa na watumwa wa Kusini, ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikapelekwa bara na misafara kama malipo na hongo ya njiani, nayo misafara ikarudi na pembe za ndovu. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyepokea doti ya merikani Tabora alikuwa ameshika kazi ya mtu wa Mississippi ambaye huenda mababu zake walitoka Afrika hii hii. Wala tusijifiche: karafuu za Unguja na Pemba, zilizofanya bandari hiyo ivutie meli, zilichumwa na watumwa pia, na waliowamiliki waliishi hapa hapa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata uzi huo kwa ghafla. Viwanda vingi vya Lancashire vikafungwa, merikani ikapotea Unguja na nafasi yake ikashikwa na nguo za Uingereza na India. Misri ikalima pamba kwa pupa, Khedive Ismail akakopa kwa kutegemea bei ya juu, bei ikaanguka, madeni yakabaki, na mwaka 1882 jeshi la Uingereza likaingia.

Fundisho ambalo serikali za Ulaya zilichukua ni kwamba kila dola iwe na mashamba yake ya pamba. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambao hakuna Mwafrika aliyeketi humo, uliweka taratibu za kugawana ardhi. Wajerumani walileta Togo wataalamu weusi kutoka Tuskegee, chuo cha Booker T. Washington, mwaka 1901. Tanganyika hawakuhitaji wataalamu, walitumia kiboko. Kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, vijiji vya kusini viliamriwa kulima shamba la pamba la pamoja, akida na jumbe wakisimamia, wakati mashamba ya chakula yakingoja mvua na mikono. Malipo yalikuwa duni kiasi kwamba wengine waliyakataa.

Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa mashina ya pamba. Hilo ndilo lililokuwa tangazo la vita, na naona ni moja ya vitendo vilivyo wazi kabisa katika historia ya dunia ya wakati huo: walijua adui ni nani na amesimama wapi. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewahamasisha, alinyongwa tarehe 4 Agosti. Siku tatu baadaye, tarehe 7 Agosti 1905, umati wa Wabengali ulikusanyika Calcutta kuunga mkono mgomo wa kutonunua nguo za Kiingereza. Wamatumbi na Wabengali hawakuwahi kupeana habari, na hawakuhitaji. Bengal ilipata njia ndefu ya mgomo. Kusini mwa Tanganyika Wajerumani walichoma maghala ya nafaka, na waliokufa, wengi wao kwa njaa, baadhi ya wanahistoria wanawakadiria kuwa kati ya laki mbili na laki tatu.

Vita viwili vya dunia, mapinduzi ya Urusi na ya China na bomu la Hiroshima vina vitabu vyake. Kwa upande wa pamba, Lancashire ilidhoofika baada ya mwaka 1914, na Japani ikaipita katika miaka ya 1930. Gandhi, aliyefanya gurudumu la kusokotea kuwa silaha, aliwatembelea wafanyakazi wa viwanda vya Darwen, Lancashire, mwaka 1931, watu walioathirika na mgomo wake wa kutonunua nguo za Kiingereza, nao wakampokea kwa shangwe. Wareno waliendelea kulazimisha kilimo cha pamba Msumbiji hadi mwaka 1961. Usukumani wakulima walichukua njia yao: vyama vya ushirika vilivyounganishwa mwaka 1955 katika Victoria Federation, vikiongozwa na Paul Bomani, vilinunua na kuchambua pamba bila kupitia kwa walanguzi. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Kwa kipindi kifupi pamba ya nchi ilisokotwa, ikafumwa na kuvaliwa nchini. Kisha yakaja masharti ya mikopo ya miaka ya 1980, na mitumba ikajaza masoko.

Leo sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga huuzwa nje kabla haijasokotwa, na bei yake hufuata soko la New York. Dhaka, iliyowahi kufuma melimeli iliyosifiwa dunia nzima, sasa hushona nguo za kampuni za kigeni. Jengo la Rana Plaza, karibu na mji huo, lilianguka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua wafanyakazi zaidi ya 1,100. Bahari ya Aral imekauka kwa sehemu kubwa kwa sababu mito yake iligeuzwa kumwagilia pamba. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali ziliwasilisha katika Shirika la Biashara Duniani hoja ya kuondoa ruzuku ambazo nchi tajiri huwapa wakulima wao wa pamba. Brazil, iliyofungua kesi yake yenyewe, ilishinda, na mwaka 2014 Marekani ikakubali kuilipa dola milioni 300 kumaliza shauri. Hoja ya nchi zile nne za Afrika ingali mezani Geneva, makao ya shirika hilo.