Handaki lisilochimbwa

Tuseme sacco ya hapa Angurai ina wingu lake binafsi: seva moja Malaba, nyingine Busia. Ndani ya kila seva zinaishi kompyuta pepe kadhaa, yaani kompyuta zilizo programu tupu, zisizo na mwili wa chuma. Zote zinatakiwa zionane kana kwamba zimechomekwa kwenye swichi moja. Kinachowezesha hilo mafundi hukiita handaki.

Jina limezoeleka, ila humpoteza fundi. Akisikia handaki hutafuta palipoziba, na hapa hakuna kilichochimbwa. Seva ya Malaba huchukua pakiti nzima ya kompyuta pepe, ikaitia ndani ya pakiti nyingine yenye anwani ya seva ya Busia; ikifika, inafunguliwa. Mimi huandika ufungashaji badala ya handaki. Dereva wa lori la kontena ajaye Malaba hahitaji maelezo zaidi: mizani ya Webuye haipimi magunia peke yake, inapima lori, kontena na mzigo kwa pamoja.

VXLAN, utaratibu wa ufungashaji uliochapishwa mwaka 2014 kama waraka RFC 7348, huongeza baiti 50 kwa kila pakiti. Njia ya kawaida hubeba baiti 1500 kwa pakiti. Kompyuta pepe isiyo na habari hutuma 1500 kamili, zinakuwa 1550, na swichi inazitupa kimyakimya.

Hapo ndipo vituko huanza. Ping inapita, maana kwenye Linux ni baiti 84 tu. Ukurasa wa kuingilia unafunguka. Ripoti ya mwisho wa mwezi inaganda. Kompyuta pepe mbili za seva moja zinasikilizana, kwa kuwa pakiti zao hazifungashwi. Hamishia moja Busia, zinanuniana.

Kabla ya kumlaumu mwenye kebo, ingia kwenye kompyuta pepe ya Malaba uandike ping -M do -s 1422 na anwani ya kompyuta pepe ya Busia, kisha rudia kwa 1472. Ya kwanza ikipita na ya pili ikakwama, umempata mchawi. Hata ping ndogo ikikataa, tazama kama fayawoli imefunga mlango 4789 wa UDP.

Dawa ni kuongeza kikomo cha ukubwa wa pakiti kwenye seva na swichi zote njiani, wengi huweka 9000, au kushusha cha kompyuta pepe hadi 1450. Ya kwanza ni bora, mradi swichi ni zako. Njia ya Malaba hadi Busia ikiwa ya kukodi, weka 1450 uendelee na kazi.