Jarida la Barua Pepe na Muigwithania ya 1928



Leo tuache kidogo mambo ya kodi na seva, tuzungumze historia. Mimi ni mtengeneza programu katika kampuni changa hapa Nyeri, na kazi yangu mojawapo ni kutuma jarida la barua pepe kwa wateja kila mwezi. Watu hudhani kazi hii imeletwa na intaneti. Sivyo. Huku Mlima Kenya ina zaidi ya miaka 100.

Waanzilishi walikuwa wamisionari Wakatoliki wa Consolata kutoka Italia. Mwaka 1916 walianza kutoa hapa Nyeri gazeti la Kikuyu lililoitwa Wathiomo Mukinyu, yaani rafiki wa kweli. Lilikuwa gazeti la misheni, na mwenye sauti alikuwa misheni.

Mei 1928 likaja jambo jipya. Chama cha Kikuyu Central Association, KCA, kilichokuwa na umri wa miaka michache tu na kilichoishi kwa michango ya wanachama, kilianza kutoa jarida lake la kila mwezi, Muigwithania. Maana yake ni mpatanishi, anayefanya watu wasikilizane. Mhariri alikuwa katibu mkuu wa chama, Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye tulimjua kama Jomo. Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa manispaa ya Nairobi, akisoma mita za maji. Ukifikiri kwa lugha ya leo, huyo ni kijana aliyeacha mshahara akajiunga na kampuni changa!

Sasa angalia kilichokuwa ndani. Habari za chama zilikuwemo, ndiyo, pamoja na mawaidha juu ya elimu, bidii na ardhi. Lakini zilikuwemo pia barua za wasomaji. Mtu wa kijijini aliandika, na mwezi uliofuata mwenzake wa wilaya nyingine akayasoma maneno yake. Wasiojua kusoma walisomewa kwa sauti. Kwa hiyo nakala moja haikuwa msomaji mmoja. Takwimu zetu za "barua ngapi zimefunguliwa" zisingeweza kulipima jambo hilo.

Linganisha na Marekani. Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC alituma tangazo kwa watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET bila kuwauliza. Alipata malalamiko mengi, na hadi leo anakumbukwa kama baba wa barua taka. Chombo kilikuwa cha kisasa kuliko cha Kenyatta, lakini alikitumia kama kipaza sauti tu.

Turudi kwetu. Februari 1929 Kenyatta alisafiri kwenda London kwa kazi ya chama. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ikapiga KCA marufuku. Je, wasomaji waliisha? Hapana. Mwaka 1945 Henry Muoria alianzisha gazeti la Mumenyereri, nalo likapata watu waliokwisha kuzoea kusoma na kujibu kwa lugha yao. Hali ya hatari ya Oktoba 1952 ikaliua nalo. Muoria alikuwa London, akaishi huko hadi alipofariki 1997. Mwaka huohuo wa 1952 mwandishi Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa Nyeri, alikamatwa akawekwa kizuizini kwa miaka mingi. Alipotoka aliendelea kuchapa vitabu na majarida ya Kikuyu, na kiwanda chake cha uchapaji kilikuwa Karatina. Mwaka 1984 alipata Tuzo ya Noma kwa shajara yake ya kizuizini.

Funzo ninaloliona ni hili: mtambo unaweza kuzimwa na mwenye nguvu, lakini mazoea ya watu kuandikiana hayazimwi kwa amri. Leo kampuni nyingi hutuma jarida kutoka anwani isiyopokea majibu. Yaani tunabisha hodi kwa mtu, halafu akifungua mlango tunakimbia! Siku huduma tunayoitumia ikifunga akaunti yetu, tutabaki na nini?

Ushauri wangu kwa wenzangu wa kampuni changa, kuanzia Nanyuki hadi Murang'a: omba ruhusa kwanza (Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo), weka nakala ya orodha yako mahali pako mwenyewe, tumia anwani inayosomwa na mtu, na kila toleo chapisha swali la mteja pamoja na jibu lake.

Wewe unaonaje? Niandikie. Nasoma, na najibu.