Poda ya Glavu na Kovu Lisiloonekana

Kovu la nje unaweza kulificha kwa nguo. La ndani linajificha lenyewe, mpaka siku linapoziba utumbo. Mwaka 1872, daktari Mwingereza Thomas Bryant aliripoti kifo cha mgonjwa aliyekuwa ametolewa uvimbe wa ovari. Kilichomuua ni utumbo uliobanwa na nyuzi za kovu zilizoota baada ya upasuaji.

Nyuzi hizo huanza kwa nia njema. Matumbo yamevikwa utando laini unaoyafanya yateleze. Ukikwaruzwa, hutoa majimaji yanayoganda kama gundi, na kwa kawaida mwili huiyeyusha gundi hiyo katika siku chache. Lakini sehemu ikikosa damu ya kutosha, gundi hubaki, seli za kujenga kovu huingia, na viungo viwili visivyohusiana hushikana. Ndiyo maana upasuaji wa pili wa kujifungua mara nyingi huwa mgumu kuliko wa kwanza.

Madaktari walijaribu kila kitu. Walimwaga mafuta tumboni, wakatandaza hata utando wa ng'ombe. Wapi!

Na kumbe lawama nyingine ilikuwa vidoleni mwao. Majira ya baridi ya 1889 kuelekea 1890, William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliagiza glavu za mpira kwa ajili ya nesi Caroline Hampton, ambaye dawa ya kuua vijidudu ilikuwa inamchubua mikono. (Walioana mwaka huohuo wa 1890, ukitaka udaku.) Glavu zilikuja kuokoa maisha ya wengi, ila zilikuwa ngumu kuvaa bila poda. Ikatumika talki, ikadondoka tumboni, ikaacha vinundu na makovu. Ikabadilishwa na wanga wa mahindi, ambao nao ukaleta shida ileile. Marekani ilitangaza kupiga marufuku glavu za poda Desemba 2016. Hebu piga hesabu ni matumbo mangapi yaliyofunguliwa kabla ya hapo.

Baadaye macho yakageukia oksijeni. Tishu iliyonyimwa damu kisha ikarudishiwa huzalisha molekuli za oksijeni zenye fujo, zinazochochea uvimbe na kovu. Antioksidanti huzituliza. Katika miaka ya 1980 na 1990 watafiti wakaanza kuwapa panya vitamini E. Wengine waliona makovu yakipungua, wengine hawakuona tofauti. Jaribio moja la baadaye lilionyesha kwamba ikimiminwa tumboni moja kwa moja inasaidia kuliko ikidungwa kwenye msuli. Melatonini nayo imejaribiwa. Lakini panya si mtu, na hakuna antioksidanti hata moja iliyoingia kwenye tiba ya kawaida, kwa hivyo vidonge vya vitamini E kutoka duka la dawa visikudanganye.

Kwa sasa, mama anayeingia thieta mara ya tatu bado anategemea mambo ya kizamani: daktari mwenye mkono mwepesi, damu inayozuiwa mapema, matumbo yasiyoachwa yakauke, na glavu zisizo na poda.